Mapambo ya Bweni na Sheria Zake



Katika mkutano wetu uliopita kulikuwa na ubishi mrefu juu ya fedha tulizochanga. Wengi walitaka mabweni yapakwe rangi. Ndugu mmoja akasimama akauliza: je, rangi hiyo ikishapakwa, vijana wataruhusiwa kubandika picha zao juu yake? Ukumbi ulicheka, kisha ukagawanyika. Wenye mvi walisema hapana, hata picha moja isibandikwe. Wenye umri wa kati walisema wakati umebadilika. Vijana wa Kidato cha Tano waliokuwa wakitugawia soda hawakuulizwa neno, ingawa wao ndio wanaolala humo. Mimi nilikaa kimya, si kwa kukosa la kusema, bali kwa kuwa nililokuwa nalo lilikuwa refu mno kwa mkutano unaongoja chakula. Mhariri alisikia habari hiyo akanipa kurasa hizi.

Yafaa tuanze na nyumba ambazo wengi wetu tulitoka. Mchagga wa zamani hakuwa na ukuta wa kupamba. Msonge wake uliezekwa kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na ndani yake moto, watu na ng'ombe walikaa pamoja. Kitu cha kuhifadhiwa kilitundikwa juu kwenye moshi. Ukuta uliosimama wima, uliopakwa chokaa, ulikuja na misheni: Wakatoliki walioanza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig waliofika Machame mwaka 1893. Baadaye fedha za kahawa zikausambaza ukuta huo vihambani. Chama cha wakulima wa kahawa kilianza mwaka 1925, na KNCU ikaundwa mwaka 1933. Kila mavuno yalipokuwa mazuri, mabati yaliongezeka mlimani, na penye bati pana kuta nne.

Ukuta ukishapatikana, mtu hutaka kuuvisha. Katika nyumba nyingi za utoto wetu ukuta ulivishwa kalenda za mwaka uliopita na kurasa za magazeti, yakiwemo matoleo ya Komkya, lile gazeti la Wachagga la miaka ya 1950. Karatasi zilizuia upepo wa baridi na kuficha nyufa. Wapo kati yetu waliojifunza kusoma kwa kupinda shingo, kwa sababu baba alibandika ukurasa kichwa chini. Kwa hiyo mtoto aliyetoka Kibosho, Marangu au Old Moshi akafika bwenini na kubandika gazeti ukutani hakuwa anaanzisha utundu. Alifanya kama alivyoona nyumbani.

Sheria iliyomkuta bwenini ilitoka mbali zaidi. Serikali ya Mwingereza ilipofungua shule ya Tabora mwaka 1925, ilichukua desturi za shule za bweni za watoto wa mabwana wa Uingereza: nyumba zenye majina, viranja, kengele, na ukaguzi wa vitanda. Desturi hizo zilienea katika shule za serikali, Old Moshi ikiwa miongoni mwao, na shule za misheni nazo zilikuwa na taratibu zao zilizofanana na hizo. Walioandika sheria zetu za bweni walizinakili kutoka kwa waliowatangulia, na hao nao walinakili kutoka kwa wengine. Ndiyo maana ukiuliza sababu ya sheria fulani, jibu lilikuwa: ndivyo ilivyo.

Sababu zilikuwapo, lakini kila sheria na sababu yake. Juu ya mapambo sheria zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikataza misumari. Hiyo ilikuwa ya fedha tu. Kuta za mabweni ya zamani zilipigwa lipu laini yenye chokaa nyingi, na ukigongelea msumari mmoja kilianguka kipande cha ukubwa wa sahani. Kila msumari ulikuwa na fundi wake mbele. Sina ugomvi na sheria hiyo.

Ya pili ilihusu picha, nayo ilibadilika kila utawala ulipobadilika. Katika shule za misheni ukuta ulikuwa wa msalaba na picha za watakatifu. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule nyingi za madhehebu chini ya serikali. Umbwe iliyokuwa ya Wakatoliki ikawa ya serikali, na shule ya wasichana ya Weruweru ikapata mkuu wake mashuhuri, Mama Maria Kamm, mwaka 1970. Wanafunzi wa dini zote na mikoa yote wakalala chumba kimoja, na ukuta ukawa wa taifa, yaani wa picha ya Rais. Miaka hiyohiyo kulikuwa na Operesheni Vijana. Umoja wa Vijana wa TANU uliitangaza mwaka 1968, ukapiga vita sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Ikiwa sketi fupi ilikatazwa barabarani, picha ya aliyeivaa haikuweza kusalimika juu ya kitanda cha mwanafunzi. Nilipofika mimi, mwaka 1974, operesheni ilikuwa imepoa, lakini walimu wa zamu walikuwa bado na macho yale.

Ya tatu ilikataza kutundika nguo kuzunguka kitanda. Hii ndiyo ninayotaka tuifikirie.

Wadogo zetu hawatajua jinsi bweni letu lilivyokuwa baridi mwezi wa saba, ukungu ukishuka kutoka msituni na kupenya chini ya mlango. Vitanda vilikuwa vya deka. Aliyelala chini alikuwa na bahati moja: aliweza kuchomeka shuka au khanga chini ya godoro la mwenzake wa juu, ikaning'inia hadi sakafuni, naye akawa na chumba chake. Tuliviita mahema. Ndani ya hema palikuwa na joto, palikuwa na siri, na zaidi ya yote palikuwa na nafasi ya kusoma baada ya saa nne, taa zikishazimwa. Aliyetaka kupiga msuli usiku alihitaji vitu viwili, hema na mshumaa.

Sababu ya kukataza mahema tuliambiwa waziwazi: mwalimu anapopita usiku aone kila mto una kichwa. Ilikuwa sheria ya kuhesabu watu. Moto haukutajwa. Kwa miaka yote sita niliyokaa bwenini, sikumsikia mtu yeyote, mwalimu wala kiranja, akiunganisha maneno haya matatu: nguo, mshumaa, dirisha.

Ngoja nieleze habari yangu mwenyewe, maana nimeificha vya kutosha.

Tarehe 2 Februari 1974 Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikimbia mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na John Walker wa New Zealand akashindwa kumpata. Sisi tulikuwa na wiki chache tu shuleni. Bayi alikuwa kijana wa Karatu, jirani kabisa, na sote tulianza kukimbia kwenda bwaloni kwa mtindo wake, yaani kuongoza tangu mwanzo, jambo lililoleta ajali na uji. Nilipata picha yake gazetini. Misumari ilikatazwa, gundi haikuwapo, basi nikaibandika ukutani kwa ugali wa jana. Wenye uzoefu watakumbuka kwamba ugali uliokandwa na maji kidogo hushika kuliko gundi ya dukani. Watakumbuka pia kwamba mende huupenda. Wengine walitumia dawa ya meno, ambayo haileti mende lakini huacha alama nne nyeupe zinazokushtaki.

Jirani yangu, ambaye nitamwita Deka ya Chini kwa kuwa yu hai na ana wajukuu, alikuwa na hema la khanga ya mama yake. Usiku mmoja kabla ya mtihani alisinzia na kalamu mkononi. Mshumaa ulikuwa juu ya sanduku lake la bati. Mimi niliyelala kitanda cha jirani niliamshwa na harufu, si mwanga. Khanga ilikuwa imeshika moto kutoka pindoni na moto ulikuwa unapanda kuelekea godoro la juu, ambako palikuwa na mtu amelala. Nilivuta khanga ikaanguka, tukaizima kwa blanketi na kwa miguu, tukakaa gizani tukitetemeka. Aliyelala juu hakuamka. Asubuhi tulikikata kipande kilichoungua, tukakichimbia kwenye shamba la migomba nyuma ya choo, na sakafu tukaisugua kwa majivu.

Jumamosi ikaja ukaguzi. Mwalimu wa zamu alipita, akatazama shuka, akatazama viatu, akafika kwangu akamwona Filbert Bayi. Nilipata viboko vitatu, nikakwangua ukuta kwa kipande cha sahani iliyovunjika na kuupaka chokaa upya. Sehemu iliyoungua chini ya godoro la juu, nyeusi na pana kama kiganja, ilikuwa kimo cha macho yake alipoinama kuangalia masanduku. Hakuiona, au aliiona hakuiuliza. Haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kukaguliwa.

Simlaumu sana. Mkaguzi huona kile alichotumwa kutafuta.

Baada ya hapo nilijifunza, kama wengi walivyojifunza, kupamba bila kuvunja sheria. Sheria ilisema ukuta, haikusema sanduku. Ndani ya kifuniko cha sanduku la bati ndipo palipokuwa ukuta wetu wa kweli. Ulifungua sanduku kuchukua sabuni ukamkuta Muhammad Ali akiwa Kinshasa, Oktoba 1974, na kando yake karatasi ya tangazo la filamu ya Kihindi iliyookotwa nje ya sinema ya Plaza mjini Moshi. Msalaba na tasbihi zilizoondolewa ukutani zilihamia humo pia, na aya za Kurani kwa ndugu zetu Waislamu. Kumbukeni kwamba Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Picha ya gazeti ilikuwa ndiyo macho yetu ya nje, na kijana mwenye kifuniko kizuri alitembelewa na watu wa mabweni mengine.

Pambo jingine lililoruhusiwa lilikuwa maua. Kopo la Kimbo lililopakwa rangi, maua mabichi, na juu ya dirisha kuna nafasi. Waliopata bahati ya kupanda mlima walirudi na yale maua meupe makavu ya huko juu ambayo hayanyauki. Enzi hizo waongozaji wa Marangu waliwasukia taji la maua hayo waliofika kileleni, na taji moja liliweza kukaa bwenini tangu Kidato cha Pili hadi mwenyewe amalize cha Nne, likikusanya vumbi. Vijana wa leo wasijaribu: Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977, na kuchuma mmea humo ni kosa.

Sasa nirudi kwenye nguo, kwa sababu kilichofuata ndicho kilichobadilisha kila kitu bila mtu kutazama.

Miaka ya dhiki baada ya vita vya Kagera, tangu 1979 hadi 1984, mahema yalitoweka. Hayakuondolewa na sheria. Yaliondolewa na maduka matupu. Mama aliyepanga foleni ya khanga hakuweza kumpa mwanawe aitundike kitandani, na mwanafunzi aliyekuwa na shuka mbili alilala juu ya moja na kuivaa nyingine. Rangi haikuonekana, mabweni yalipakwa chokaa au hayakupakwa kabisa. Kisha biashara ikalegezwa kuanzia 1984 na mitumba ikafurika. Nguo zikawa rahisi kuliko zilivyopata kuwa. Mahema yakarudi, lakini hayakuwa tena ya khanga ya pamba. Yalikuwa ya mapazia ya nailoni ya Ulaya, na nailoni ikishika moto huyeyuka na kudondoka ikiwa inawaka. Wakati huohuo magodoro ya pamba na ya majani yaliondoka, yakaja ya sponji, ambayo huwaka upesi sana na kutoa moshi wenye sumu. Wezi nao waliongezeka, madirisha yakafungwa kwa nondo na milango ikapata makufuli.

Hivyo chumba kilekile, chenye sheria zilezile tatu juu ya msumari, picha na hema, kilikuwa kimegeuka kuwa kitu kingine. Hakuna aliyeandika sheria mpya.

Juni 1994, huko Rombo, upande wa pili wa mlima wetu, bweni la Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Shauritanga liliungua usiku. Walikufa wasichana zaidi ya 40. Ilielezwa kwamba moto ulianzia kwenye mshumaa. Nilikuwa mtu mzima mwenye binti aliyeko bweni nilipoisikia habari hiyo redioni. Nilizima redio nikatoka nje, na kitu nilichokiona mbele yangu kilikuwa ile alama nyeusi chini ya godoro, iliyo pana kama kiganja. Tofauti kati ya Deka ya Chini na wasichana wale haikuwa akili wala nidhamu. Khanga yake ilikuwa ya pamba, na jirani yake hakuwa na usingizi mzito.

Wala haikuishia hapo. Agosti 2009 waliungua wasichana 12 katika shule ya Idodi, Iringa, na huko nako mshumaa ulitajwa. Septemba 2020 walikufa watoto 10 katika shule ya msingi ya Byamungu, Kyerwa. Kenya wameumia zaidi yetu: Machi 2001 vijana 67 walikufa Kyanguli, Machakos, katika moto uliowashwa kwa makusudi, na Septemba 2024 watoto 21 wakafa Hillside Endarasha, Nyeri. Mwaka 2008 Kenya ilitoa mwongozo wa usalama wa shule unaosema mambo kwa vipimo: kati ya kitanda na kitanda mita 1.2, njia ya katikati isipungue mita 2, milango ifunguke kwa nje, madirisha ya bweni yasiwe na nondo. Mwongozo peke yake haukuzima moto wa Endarasha. Hata hivyo napenda kwamba unahesabu mita, maana mita mkaguzi anaweza kuipima.

Basi nikirudi kwenye ubishi wetu wa rangi. Naona tunagombania ile sheria ya pili, ya picha, iliyo nyepesi kuliko zote. Picha haijaua mtu. Kila deka ipewe ubao laini, upana wa kitanda na urefu wa mkono, ambao mwanafunzi atabandika atakacho kwa pini bila kuugusa ukuta, na mwalimu wa zamu apumzishwe kazi ya kuwa mhakiki wa sanaa. Kama picha ni ya aibu, wenzake watamcheka. Kicheko cha bweni ni kikali kuliko fimbo.

Juu ya mahema, hapo nawaunga mkono wenye mvi, ila kwa sababu nyingine, na naomba sababu hiyo wanafunzi waelezwe wazi. Kijana anayetundika nguo anatafuta giza la kulala au mwanga wa kusoma. Akipewa chumba cha kujisomea chenye taa hadi usiku, na taa ndogo ya jua kwa siku umeme unapokatika, mshumaa utakosa kazi, na hema litabaki suala la baridi, ambalo dawa yake ni blanketi la pili.

Jioni ile ya mkutano, wenzangu wakiwa bado kwenye nyama, niliteremka peke yangu hadi bweni letu la zamani. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili alinikaribisha kwa adabu, akanionyesha kitanda chake. Ndani ya kifuniko cha sanduku lake kulikuwa na mchezaji wa mpira nisiyemjua. Nilihesabu madirisha: sita, yote yana nondo zilizochomelewa. Mlango mmoja mkubwa unafunguka kwa ndani. Mlango wa nyuma upo, lakini deka mbili zimeegemezwa kwake, na kijana aliniambia hajauona ukifunguliwa tangu aje.

Nimemwuliza fundi mmoja wa Kiboriloni. Kugeuza mlango mkubwa ufunguke kwa nje ni kazi ya asubuhi moja: fremu inachongwa upya upande mmoja na bawaba zinahamishwa. Nondo anaweza kuzitengeneza ziwe geti dogo lenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo, dirisha moja hadi jingine, siku tatu kwa bweni zima. Deka mbili zilizoziba mlango wa nyuma hazihitaji fundi. Zinahitaji vijana wanne na mwalimu wa kutoa ruhusa, na hilo laweza kufanyika kabla gazeti hili halijafika kwenu. Michango ipelekwe kwa mweka hazina kama kawaida, na anayependa yake iende kwenye rangi aandike hivyo juu ya bahasha.